Nilifuta Majina Nisiyoweza Kuyasoma

Kosa ni langu. Nalisema mapema kabla ulimi haujanigeuka, maana kwa visingizio mimi sijambo.

Nilikuwa Guangzhou kwa ufadhili wa masomo, miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Binti wa Songea, Mwafrika peke yangu katika idara nzima. Wafanyabiashara wa kwetu ungewasikia mara mojamoja kule mtaa wa Huanshi Zhonglu, lakini walinunua vyao wakaondoka. Barua ya mama ilichukua mwezi kufika. Kuna wiki zilipita sijatamka neno la Kiswahili isipokuwa kwenye sala. Upweke huo usikie tu kwa wenzio!

Nilikuwa na mtu mmoja, Lin. Tulitumia kompyuta moja maabara. Alikuwa mdogo kwangu, kwa hiyo aliniita jiejie, yaani dada. Pale maabara mtu huvua viatu mlangoni na kuvaa ndala za humo, na miguu yangu haikuenea hata kwenye moja. Lin akaenda sokoni akaninunulia za kiume, za bluu, akaandika jina langu juu yake. Siku hiyo nililia chooni, siwafichi.

Sasa ubaya wangu. Kichina changu kilikuwa cha kuombea maji, ila sikutaka mtu ajue. Nikiambiwa jambo nisilolielewa, naitikia kwa kichwa: "Hao, hao." Sawa, sawa. Profesa akieleza, hao, hao. Mpishi wa bweni aliniuliza kitu, hao, hao, nikaletewa miguu ya kuku nikaila yote.

Mwezi wa nne profesa akataka programu yangu iwe tayari Jumatatu. Kompyuta yetu iliendeshwa na mfumo wa Linux, na mimi maisha yangu yote nilijua Windows tu. Kompaila iliyokuwamo, ile programu inayogeuza tunachoandika kiwe kitu mashine inakielewa, ilikuwa ya zamani na iliikataa kazi yangu. Ilibidi niweke mpya kutoka kwenye CD, kwa mkono, amri baada ya amri.

Lin alikuwa anakwenda kwao kufagia makaburi ya babu zake, ndiyo desturi yao msimu huo. Begi likiwa begani, akaninyooshea kidole kwenye skrini, akasema maneno mengi ya harakaharaka, kisha akaniuliza kama nimeelewa.

"Hao, hao," nikasema.

Sikuambulia kitu! Akaniachia neno la siri la mashine nzima, akaenda.

Jumamosi asubuhi nikavaa ndala zangu nikaanza. Ulikuwa msimu wa unyevu, kuta zinatoka jasho na sakafu inateleza. Mashine ikatafuna kwa saa tatu, halafu ikagoma: diski imejaa. Nikatafuta cha kupunguza. Nikakuta folda kubwa yenye faili za majina ya ajabu, alama za kuuliza na vikorokoro visivyosomeka. Nikajiambia hizi zimeoza. Nikazifuta.

Kwenye Windows ningeulizwa kama nina hakika, na nilichofuta kingebaki kwenye kapu la taka, nikirudishe nikitaka. Huku hakuna aliyeniuliza. Zilikwenda kimyakimya, na alasiri kompaila ikakubali. Mjinga mimi, nikacheza peke yangu mle ndani!

Jumanne Lin akarudi na vikeki vya mchele vya kwao, akaniwekea viwili. Akaketi, akafungua mashine, akatafuta, akatafuta tena. Zile zilikuwa faili zake za vipimo vya maji ya mto, kazi ya miaka miwili. Majina aliyaandika kwa Kichina, na mashine yetu haikuwekewa herufi za Kichina za kuyaonyesha. Hilo ndilo alilokuwa ananieleza siku ile. Kwenye disketi alikuwa na mwaka wa kwanza tu.

Hapo ndipo ningesema, mdogo wangu, nimekosa. Maneno hayo nilikuwa nayo, tena kwa Kichina!

"Ni unyevu," nikamwambia. "Diski imeharibika."

Lin akatazama skrini. Kompaila yangu ilikuwa imekaa palepale, na tarehe ya Jumamosi ubavuni. Akanitazama mimi, kisha akaitikia kwa kichwa, polepole.

"Hao, hao."

Jamani, kichwa kile nilikijua! Changu siku zote kilikuwa cha kuficha aibu yangu. Chake nacho kilificha aibu yangu.

Alirudi mtoni kupima upya, akachelewa kuhitimu mwaka mzima. Alinisalimia kila siku kwa adabu, ila jiejie sikuisikia tena. Mimi nikamaliza na alama nzuri, kompaila inafanya kazi safi, na chakula nakula peke yangu nikitazama ukuta. Zile ndala za bluu ninazo hadi leo. Sijazivaa tena.

Wewe uliye ugenini, usiitikie usichokielewa. Sema sijaelewa, wakucheke, yaishe. Na ukiharibu, mwambie mwenyewe siku hiyohiyo, uso kwa uso, wala usingoje ujasiri, hauji. Mimi niliungoja, na sasa ndiyo naungama: kwa Kiswahili, lugha ambayo Lin haisomi.