Nilimjibia Mama kwa Kiingereza

Nimekosa, ndugu zangu, na niliyemkosea hawezi tena kunisamehe. Msinionee huruma. Nisomeni tu, maana hili sijamwambia mtu yeyote, hata mke wangu.

Mimi ni mtunza stoo kwenye karasha, pale wanaposaga mawe ya dhahabu, huku Geita. Zamani niliitwa kwenye usaili mgodi mmoja mkubwa. Nikaulizwa swali kwa Kiingereza, ulimi ukagoma, na wale waliokuwa mezani wakachekeana. Nilitoka pale nimeiva kwa hasira, nikaapa sitachekwa tena!

Nikaanza kusaka maneno. Siyo yale ya darasani, hapana, nilitaka magumu. Simu yangu ilikuwa inaniletea neno kila asubuhi pamoja na maana yake. "Excruciating", maumivu makali yasiyovumilika. "Intermittent", kitu kinachokuja na kupotea. "Exacerbate", kuzidisha ubaya wa jambo. Karasha linanguruma, mimi nimeziba masikio kwa earphone natamka peke yangu kama kichaa. Niliyaandika kwa chaki kwenye ukuta wa stoo, na wenzangu wakanibatiza jina, Dikshenari. Nililipenda jina lile kuliko nililopewa na baba!

Mama yangu alikuwa anaishi kijijini, upande wa Ushirombo. Yeye ni Kisukuma tu, Kiswahili chake ni cha salamu. Akaanza kulalamika tumbo la chini. Siku hizo ikatangazwa redioni kwamba madaktari wa kizungu wamekuja kutibu watu kwenye hospitali moja ya huku kwetu. Nikampigia mdogo wangu wa kike, Kabula, anayeishi naye, nikamwambia mlete haraka.

Niseme ukweli wangu wote? Nilifurahi. Mama anaumwa, na mimi nawaza maneno nitakayomwaga mbele ya mzungu. Ee Mungu wangu!

Tulipofika mlangoni, nesi mmoja mama mtu mzima akamsalimia Mama kwa Kisukuma vizuri kabisa. Kisha akanigeukia. "Kaka, mama aingie na binti yake. Mimi nitawatafsiria kwa daktari."

Mama akamshika Kabula mkono. Nilimwona. Nami nikasema, tena kwa sauti, watu wote kwenye benchi wasikie, "Hapana sista, naingia naye mimi. Kabula Kiingereza atakitolea wapi?"

Nesi akaniangalia, akatufungulia mlango. Kabula akarudi kukaa. Mama akaingia nyuma yangu.

Daktari alikuwa dada wa kizungu, mpole. Nikamwagika! Nikamwambia maumivu ya mama ni "excruciating", tena ni "intermittent", na kazi za shamba zina "exacerbate". Akacheka kwa furaha, akaniambia Kiingereza changu ni kizuri sana. Nilivimba kichwa mpaka basi. Mama alikuwa kwenye kiti, anatazama mikono yake.

Ndipo daktari akauliza swali. Je, mama anatokwa na damu ukeni, ilhali umri wa hedhi umeshampita?

Nililielewa. Hakuna neno hata moja lililonipita. Lakini kulitamka kwa Kisukuma, mimi mtoto wa kiume, mbele ya mama aliyenizaa? Kwetu hilo halisemwi. Mtoto wa kiume hamuulizi mama yake habari hizo, na mama hawezi kumjibu.

Ningeweza kusema, subiri nimwite dada yangu. Alikuwa hapo nje tu ya mlango! Lakini ningeonekana nimeshindwa, na mzungu ameshanisifia.

Basi nikamgeukia Mama. "Mayu, anauliza kama unakula vizuri."

"Nakula, mwanangu," akanijibu. Halafu akauliza taratibu, "Kabula yuko wapi? Hawezi kuingia?"

Nikamgeukia daktari, nikasema hapana. Hatokwi na damu. Nilisema kwa uhakika kabisa, na ile lafudhi niliyoifanyia mazoezi.

Tukapewa dawa za vidonda vya tumbo, tukarudi.

Mvua za mwaka uliofuata zilipokatika, Mama hakuweza tena kusimama. Tulimkimbiza Mwanza. Huko wakasema ni saratani ya mlango wa kizazi, na imeshasambaa, tumechelewa. Tulikuwa kwenye korido Kabula aliponiambia, huku analia, kwamba damu ilikuwa ikimtoka Mama tangu mavuno ya mpunga, kabla hatujaenda kwa wale wazungu. "Alinikataza nisikwambie wewe. Alisema kwa daktari tutaingia wote wawili, mimi ndiye nitakayesema. Kaka, kwani yule mzungu hakuuliza?"

Nikamwambia hakuuliza.

Jamani! Nilidanganya mara ya pili, na Mama yuko hai bado nyuma ya ukuta.

Tulimzika nyumbani. Msibani wazee walinisifu. Walisema mimi ndiye mtoto aliyempigania mama yake, akasema na wazungu ana kwa ana. Watu wakaitikia, na mimi nikainamisha kichwa, wakadhani ni uchungu tu. Mpaka leo Kabula akisikia habari za madaktari wa kizungu anatukana. Namwacha atukane. Yule dada wa watu aliuliza vizuri kabisa.

Ukutani nimefuta. Lile jina la Dikshenari wakiniita siitiki, wanadhani nina maringo.

Ninyi mnaojifunza maneno magumu, jifunzeni, siyo dhambi. Ila ukimpeleka mama yako hospitali, muulize kwanza anataka kuingia na nani, na umsikilize. Na ukiulizwa jambo ambalo mdomo wako hauwezi kulifikisha kwake, toka nje umwite anayeweza. Aibu yake ni ya dakika moja.

Swali lile nimeshajua kuliuliza kwa Kisukuma sasa. Huwa nalisema peke yangu stoo, kwa adabu, kama mtoto anavyopaswa kusema na mama yake. Linatoka vizuri. Mayu hayupo wa kunijibu.