Maji Machafu ya Madina

Niliwahi kubeba maji ya mavi ya ng'ombe kwa bodaboda hadi Garsen, nimeyakumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

Msicheke. Maji yale yalikuwa roho ya dada yangu.

Naitwa Molu. Sisi ni Waorma, kwetu ni karibu na kijiji cha Wema, na dada yangu Madina alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji. Kila mafuriko yakipita alizunguka na chupa zake za klorini nyumba kwa nyumba.

"Maji yakiingia nyumbani, tia dawa kwanza!"

Hata watoto walikuwa wakimwigiza sauti.

Mwaka jana alichomwa mwiba mguuni, pale mtoni tunaponyweshea ng'ombe. Kidonda kidogo tu. Mguu ukafura, tukamnunulia vidonge dukani. Akapata nafuu, akaviacha. Ukafura tena, tukanunua vingine. Tulipomfikisha hospitali Mombasa, hakuna sindano iliyofua dafu.

"Bakteria hawa wamezoea dawa zote," daktari Ikhlas aliniambia.

"Sasa tufanyeje, daktari?"

"Kuna virusi vidogo sana vinavyokula bakteria. Mtu havimdhuru. Vinaitwa faji. Nimejaribu vya mitaro ya hapa, havikufaa. Niletee maji ya pale alipoumia, machafu hivyo hivyo. Tukivipata, tutavisafisha tumpe."

Nilidhani ananichezea shere. Lakini Madina, na homa yake yote, alicheka.

"Nenda, Molu. Miaka yote nimeyapiga vita maji yale, leo nayaomba msaada."

Nikaenda. Nikajaza mtungi wa lita tano katikati ya kwato za ng'ombe.

Nyumbani mama akauliza, "Haya ya nini?"

Nikasita. Mama ni mtu wa udhu na usafi. Nimwambie binti yake atatibiwa kwa maji yenye najisi? Atanifukuza! Nikaona haya.

"Ya Madina," nikasema tu, nikaingia ndani kutafuta mfuko.

Nilipotoka, mtungi ulikuwa umefutwa na kufungwa vizuri. Nikamshukuru mama, nikaondoka kwa bodaboda hadi Garsen, kisha basi hadi Mombasa.

Siku ya tatu Ikhlas aliniita maabara.

"Molu, maji haya hayana kitu kilicho hai. Yametiwa klorini."

Nikampigia mama.

"Ndiyo, nilitia," akasema. "Vifuniko viwili, maana yalikuwa machafu mno. Si Madina mwenyewe ndiye aliyetufundisha? Nilijua tu ana hamu ya maji ya kwao. Amekunywa?"

Nikakata simu, nikakaa chini sakafuni.

Jioni ile ile nikapanda basi. Nikachota mengine, sikuyaweka chini mpaka nikamkabidhi Ikhlas mkononi.

Ijumaa Madina akafariki. Tukamrudisha nyumbani, tukamzika.

Jumatatu nilikuwa sokoni Garsen simu ikalia. Ikhlas.

"Tumevipata," akasema. "Vya mtungi wa pili. Vimewamaliza bakteria wake wote kwenye sahani ya maabara."

Alikuwa analia. Nami nikalia pale pale mbele ya watu, mwanamume mzima, wala sikujali nani ananitazama.

Mama hajui mpaka leo. Juzi tukiwa tunakunywa chai akasema, "Moyo wangu unatulia kidogo nikikumbuka mwanangu alikunywa maji ya kwao, tena safi, kabla hajaenda."

"Ndiyo, mama," nikamjibu. "Aliyamaliza yote."

Ndugu yangu unayesoma, usijinunulie vidonge dukani ovyo, na vya daktari vimalize, usiache katikati. Na mzazi wako mwambie jambo lilivyo, hata kama unaona haya. Mama yangu hakukosea hata kidogo. Alifanya alichofundishwa na binti yake, kwa mapenzi yote.

Mimi ndiye niliyenyamaza.