Fatiha Kabla ya Mawe

Hasira ile ninayo mpaka leo, na nusu yake ni ya kujikasirikia mwenyewe.

Miaka ya hamsini, pale Mabawa, chuo chetu cha Kurani kilikuwa banda la makuti. Masika yakiingia, watoto walikaa wamezikumbatia juzuu zao zisilowe. Tulipopata kiwanja cha wakfu, tukataka chuo cha mawe kabla ya masika mengine. Ubishi ukawa namna ya kujenga. Mimi nilitaka tununue mawe, chokaa na boriti wenyewe, mwashi tumlipe kwa kutwa. Wenzangu walitaka kontrakta apewe kazi yote jumla, vifaa juu yake, wao wakalale.

"Wewe hata kitunguu unakihesabu maganda," imamu wetu aliniambia.

"Mara mbili, maalim. Mara ya kwanza huwa namwamini muuzaji."

Kontrakta alikuja kikaoni na kanzu iliyopigwa pasi ikanyooka kama ubao. Akataja bei, wazee wakaguna, akaishusha kabla sijafungua mdomo. Hapo ningepaswa kushtuka. Anayeshusha bei bila kuombwa keshajua pa kuifidia. Swali langu lilikuwa moja. Matumbawe, ndiyo mawe yetu ya kujengea, yakitolewa baharini, kwetu hulazwa uwanjani msimu mzima, mvua iyatoe chumvi. Yake yalilala wapi?

"Hayo mawe yako, ami..." nikaanza.

"Kwanza tusome Fatiha, tupate baraka," akasema, mikono keshaiinua.

Kwetu Fatiha ikishasomwa, mapatano yamefungwa. Anayeuliza baada ya hapo ni kama anamdai Mungu risiti. Nami, niliyewatoa jasho wauza samaki wa mji mzima, nikainua mikono na kuitikia amin. Tena kwa sauti.

Ukuta ulipanda upesi mno. Hata paa halijawekwa, lipu ikaanza kututumka na kuanguka vipande vipande. Nikapitisha kidole ukutani, nikakilamba. Chumvi tupu, ungeweza kuchovya muhogo.

Nikamfuata kontrakta kwake.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba."

"Mawe yale yalitoka baharini lini?"

"Fatiha tulisoma wote, mwanangu. Amin yako niliisikia vizuri."

Nikarudi kuwaambia wazee tumshitaki. Hawakutaka kumshitaki mtu waliyesoma naye Fatiha. Tukaubomoa ukuta kwa mikono yetu, mawe tukayatandaza kiwanjani. Masika yakaingia. Watoto wakahamia barazani kwangu, wakakariri kwa sauti kubwa kuliko mvua, nami nikakosa hata pa kukalia.

Imamu akaja, kanzu kaipandisha magotini kwa matope. Akaketi.

"Safari hii tununue wenyewe," akasema. "Mwashi kwa kutwa."

"Mawe tunayo. Yananyeshewa."

"Basi tusome Fatiha." Akainua mikono.

Nikaishika yote miwili, nikairudisha magotini pake.

"Chokaa kwanza, maalim. Itatoka wapi?"