Mezani na Mama Mkwe

Kila nikipita uwanja wa Flagey, njia ya chuo changu cha zamani, mwanangu, nakumbuka asubuhi ile ya mtihani wa mdomo. Nilikuwa nasoma lugha za Kislavoni, yaani Kirusi na ndugu zake. Ningeanguka, ningepoteza nafasi yangu chuoni na kurudi kuosha masufuria katika mgahawa mmoja mtaani Ixelles.

Didier, tuliyetoka naye Lubumbashi, alikuwa akingoja zamu yake kwenye korido.

"Bon, Chantal," akanichokoza kwa Kiswahili cha kwetu, ambamo kutosha ni kuondoa, "tosha maneno ya Waarabu mu Kiswahili yako, utabakia na nini?"

Wenzetu wakacheka. Nikacheka nao, lakini iliniuma.

Profesa, mama mzee wa Kibulgaria, aliniuliza neno la Kislavoni lenye maana ya "kanisa" lilitoka wapi. Warusi husema tserkov. Nikaeleza: lilizaliwa kwa Wagiriki, maana yake "ya Bwana", likapita vinywani mwa Wajerumani wa kale, ndipo likawafikia Waslavoni.

"Kwa hiyo ni geni," akasema, akiniangalia juu ya miwani.

Kitabu kilisema ndiyo. Mimi nilisikia tena kicheko cha korido, nikajua siwezi kukubali.

"Lilikuwa geni mlangoni, madame. Ndani lilipewa kiti pamoja na maneno ya upendo, damu na mama mkwe. Maneno hayo manne yalikuwa katika kundi moja dogo, yakibadilisha miisho kwa namna moja. Hakuna aliyelitengea kiti cha wageni."

"Nani amekufundisha kusema hivyo?"

"Lugha yangu. Kanisa tulilipata kwa Waarabu. Leo tunasema makanisa, tunasema kanisani, na hakuna anayeliomba pasi."

Akavua miwani, akacheka mpaka akafuta macho. Alama ya juu aliyonipa sikuwahi kuipata tena.

"Alors?" Didier akauliza nilipotoka.

"Nimepita. Na wewe, tosha Kifaransa mu kinywa yako, tuone kama utasema bado."

Jioni ile ndiye aliyenunua bia.

Wewe umezaliwa hapa hapa, Etterbeek, na bado wanakuuliza umetoka wapi hasa. Waambie bila kuinamisha kichwa, kisha uvute kiti. Usiombe radhi kwa safari ya wazazi wako, wala kwa lugha yao iliyopokea wageni wengi na kuwafanya wenyeji. Zungumza nayo mbele za watu, na kwa sauti.

Mungu akupe meza pana, mwanangu, na popote utakapoketi, pawe kwako.