Butoni F5

Pale kwenye mutaa wa Mabanga, mimi na rafiki yangu tulikuwa tunatia watu miziki kwenye flash. Ekrani ya kompyuta ilikuwa na pande mbili: kushoto mashini yetu, kuume flash ya mutu. Mimi niliishia shule ya primaire, Kifaransa ya ekrani sikusomaka. Butoni nilizijua kwa kichwa tu: F5, niliipanga mimi mwenyewe ifanye kopi.

Siku volkano ilitoka, nikiwa nafunga matela ya kulalia, rafiki yangu akaniita: «Muzee, finya F5 tukimbie.» Nikafinya, miziki yote ikaingia kwenye diski yake ya kubeba, aliyokuwa amechomeka. Njia yote ya kukimbilia Sake nilikuwa namushukuru kwa kuokoa kazi yetu.

Tuliporudi, mashini ilikuwa nzima, lakini tupu. Alikuwa amebadilisha F5 ihamishe, isifanye tena kopi. Nikamukuta kwenye mutaa wa Himbi, kwenye duka yake mupya ya miziki.

«Si ni wewe ulifinya?» akaniambia.

Kidole ilikuwa yangu, kweli. Na kubadilisha butoni, ni mimi nilimufundisha.