Mstari wa Fedha wa Arlys

Katika mji alikoishi Bi Arlys Brandvold, kule Minnesota, kila mwanamume aliyeacha kushabikia mbio za magari za Jumamosi alianza kuyaunda nyumbani, madogo, ya plastiki, yenye urefu wa kiganja. Klabu yao ilikutana kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, penye meza ndefu, kahawa na keki za limau. Humo mtu aliheshimiwa kwa gari lake, si kwa shamba lake. Mumewe Arlys, Wendell, aliheshimiwa kuliko wote.

Kazi ile ina utaratibu wake. Kwanza unapaka mstari wa rangi ya fedha unaozunguka madirisha na kushuka ubavuni, ndipo unabandika stika za namba na majina. Stika zenyewe ni nyembamba kama ganda la kitunguu. Ukibandika tepu juu yake ili upake rangi, tepu ikitoka inatoka nayo. Lakini Wendell, Mungu amrehemu, hakuwa na subira. Gari likikauka tu, anabandika namba, anakaa kulitazama na kucheka peke yake. Kisha ugonjwa ukamshika mkono wa kulia, ukaanza kutetemeka, naye akalisukuma gari upande wa pili wa meza, alikokaa Arlys.

"Mama, hebu nimalizie hapa kwenye madirisha. Kidogo tu."

Kidogo hicho ndicho kilichokuwa kazi yenyewe. Arlys alizipulizia stika vanishi, akaiacha mpaka ikaisha harufu. Tepu aliibandika kwanza kwenye ngozi yake mwenyewe, akaibandua, akaibandika tena, mpaka ikapungua uroho wa kunata. Aliikata kwa wembe, akaikandamiza pembeni kwa kijiti cha meno, akapaka fedha tabaka jepesi juu ya jepesi. Wakati wa kubandua aliikunja tepu kinyumenyume, akaivuta polepole huku akisali kimoyomoyo. Na mstari ulipokaribia namba aliusimamisha kwa upana wa unywele mmoja kabla ya stika, kwa sababu hakuthubutu kwenda zaidi.

Unywele ule ukawa sifa ya Wendell. Watu walikuja na miwani ya kukuzia kuutazama, akapewa ngao ya mstari bora kwenye mashindano mwaka hadi mwaka. Nyumbani alisema, "Tumeshinda." Klabuni alisema, "Nimeshinda," na Arlys aliyekuwa akimimina kahawa alimsikia. Akaendelea kumimina. Aliona si vizuri mtu aliyenyang'anywa mkono anyang'anywe na jina. Chanda chema huvikwa pete, walisema wahenga. Hawakusema ni chanda cha nani.

Wendell alifariki majani yalipokuwa yakipukutika. Baada ya Krismasi Arlys akanunua boksi jipya la vipande vya gari, akaunda gari jekundu toka magurudumu mpaka paa. Aliunda kwa njia aliyoizoea, stika kwanza, mstari baadaye. Njia nyingine hakuijua. Alitaka jambo moja tu: mbele ya gari lake paandikwe jina lake, walau mara moja kabla hajamfuata mumewe.

Siku ya mashindano alilibeba ndani ya chombo cha keki.

"Shemeji!" akaita Duane Skogen, mcheshi wa klabu. "Siku hizi keki zina magurudumu?"

"Keki leo mtajipikia. Mimi nimekuja kushindana."

"Haya jamani, tumekwisha!" Watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao.

Rodger Haugen, mwamuzi mkuu na rafiki wa marehemu, akainama na kurunzi yake ndogo. Alikaa ameinama muda mrefu, akainuka macho yamelowa.

"Duane, njoo uone. Ule unywele."

"Lo! Ni mzee mwenyewe. Katuachia moja."

Rodger akamgeukia Arlys kwa upole. "Shemeji, hili alilimaliza lini?"

"Nani?"

"Wendell."

"Wendell hakuligusa. Boksi lake nimelinunua yeye yuko kaburini."

"Shemeji, hakuna anayekulaumu. Lakini kanuni ni kanuni, kila mtu ashindane na kazi ya mkono wake."

"Huu hapa mkono wangu," akasema Arlys, akauweka mezani. "Na yale mengine niliyapaka mimi, tangu alipougua. Wewe Rodger ulikuwa ukimjazia kahawa nusu kikombe asijimwagie. Mtu wa nusu kikombe ndiye apige mstari kama huu?"

Rodger akatazama chini, na Arlys akaona wazi kwamba jibu amelipata, ila hakulitaka.

"Tulimzika na beji ya klabu," Rodger akasema taratibu. "Leo unataka tuseme nini?"

"Semeni kweli."

"Ni majonzi, Shemeji," Duane akadakia, safari hii bila mzaha. "Mke wangu alipofiwa na mama yake alikuwa akimsikia jikoni anaosha vyombo. Yatapita."

Wanawake wakamsogezea kiti, wakamkalisha, wakampapasa mgongo. Huruma yao ilimziba mdomo kuliko matusi. Rodger akalichukua gari kwa mikono miwili, akaliweka kwenye meza iliyotengwa kumkumbuka marehemu, kando ya picha yake, akaandika kadi: Wendell Brandvold, gari lake la mwisho. Wanaume wakavua kofia. Ngao ya mstari bora akapewa Duane, ingawa stika ya gari lake ilikuwa imenyanyuka pembeni.

Arlys akainuka kwenye kile kiti. Akaenda kwenye meza, akalirudisha gari ndani ya chombo cha keki, akafunika.

"Shemeji, liache," Duane akamsihi. "Watu wanalitazama."

"Wanamtazama Wendell. Picha itawatosha."

Rodger akamsindikiza mpaka mlango wa nje; Arlys akatoka kwenye theluji, Rodger akabaki kizingitini. Akageuka kuhakikisha hakuna aliyewafuata, akanong'ona, "Ni kazi safi, Arlys. Safi kuliko zote."

"Rudi ndani ukaseme hivyo kwa sauti."

Rodger akatazama ngazi za kushuka ukumbini, kulikosikika vicheko na vikombe.

"Nitaanzaje sasa?" akasema. Akaufunga mlango, maana baridi ilikuwa ikiingia.