Alikunywa Dawa ya Watu Wawili

Msomaji wangu, nimetoka msibani nikiwa na kichefuchefu, na si cha chakula, maana wali wa msiba ule niliuacha kwenye sahani. Jirani yangu wa zamani, mwanamke wa Nansio aliyeolewa Kisesa, amefariki kwa malaria iliyompanda kichwani. Habari ilinikuta dukani nikinunua mafuta ya taa. Mwenye duka aliniambia huku akimimina, "Mwalimu, mwenzio katutoka." Nikaiacha chupa pale kaunta, nikaenda kujiandaa kwa msiba. Tulimzika Jumamosi kwa wakwe zake. Kwaya iliimba vizuri, mvua ilitustahi, na ningerudi nyumbani na majonzi ya kawaida kama si shemeji yake, kaka wa mume, aliyesimama kusoma wasifu wa marehemu. Alisoma alikozaliwa, alikosoma, alikoolewa. Kisha akakunja karatasi, akaona aongeze la moyoni mwake. "Ndugu waombolezaji, marehemu hakujaaliwa mtoto. Alihangaika huku na huku, hata kwa Wachina alifika. Lakini tumbo lake lilikataa." Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Mume wa marehemu naye akatikisa chake.

Tangu Jumamosi maneno hayo yamenikwama kooni kama mwiba wa sato. Tumbo lilikataa! Kwa kuwa marehemu hawezi tena kujibu, na waliobaki hawana nia ya kujibu, nitajibu mimi. Sitamtaja mtu kwa jina. Tena nimehamisha hiki na kile, na hata mahali alikoolewa huenda si hapo nilipopataja. Sababu mtaiona mbele, na mkishaiona naomba msinitafute sokoni kuniuliza ni nani.

Tulipanga ua mmoja kule Ilemela, kwenye nyumba zilizopachikwa katikati ya mawe, wakati viwanda vya minofu vilipokuwa vikifunguliwa kimoja baada ya kingine ufukweni. Mnaukumbuka wakati ule. Maduka ambayo juzi tu tulikuwa tukipanga foleni mlangoni kwa kipande cha sabuni yalijaa ghafla kila kitu, na kila aliyekuwa na kitu cha kuuza alikuwa na ruksa ya kukiuza. Sangara akaanza kupanda ndege, minofu yake ikaenda Ulaya, na sisi wenye ziwa tukaachiwa mapanki, yaani kichwa na mifupa. Jirani yangu alikuwa akiyakaanga hayo mapanki kando ya barabara, na aliyakaanga vizuri kiasi kwamba hata wafanyakazi wa viwandani, walioshinda na minofu mikononi, walikuja kununua mifupa kwake. Alikuwa mcheshi, mwenye sauti kubwa, na ukipita bila kumsalimia alikuita urudi. Katika ua wetu kila mwanamke aliitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Yeye, asiye na mtoto, aliitwa kwa kabila lake, Mkerewe.

Pamoja na mitumba na redio za kaseti, soko huria lilituletea kliniki ya Kichina. Ilikuwa chumba kimoja mjini, ukutani pana picha ya mtu aliyechorwa mistari mwili mzima kama ramani ya mito. Mama mkwe wa Mkerewe alikuwa amehamia kwao kutoka kijijini kwa kazi moja tu, kuhakikisha mjukuu anapatikana, na ndiye aliyesikia kwanza kwamba Wachina wana dawa ya uzazi. Ng'ombe walikuwa wametolewa, alisema, na ng'ombe hawatolewi ili mtu aje akaange mapanki. Mkerewe akaniomba nimsindikize. Daktari alikuwa mzee mtaratibu. Alimshika mkono mmoja, akamshika na wa pili, akamwambia atoe ulimi, akauliza maswali mengi kwa kinywa cha mkalimani wake, mama mmoja wa Kihaya aliyejifunza Kichina sijui wapi. Kisha akapima kwa mizani ndogo mizizi iliyokatwa vipande vyembamba, maganda ya mti, matunda mekundu makavu yaliyokunjamana, na kitu kingine cheusi ambacho sikutaka kuuliza ni nini. Akafunga mafurushi mawili, moja kwa uzi mwekundu, jingine kwa uzi mweupe. "Hili jekundu ni lako," alisema mkalimani. "Hili jeupe ni la bwana. Chemsheni kwenye chungu, msitumie sufuria. Daktari anasema mtoto ni wa watu wawili, kwa hiyo na bwana anywe, na safari ijayo aje mwenyewe."

Bwana! Mumewe alikuwa mnunuzi wa samaki, mrefu, mpenda suti za mitumba, mtu wa kusimulia vichekesho mpaka wazee wakashika mbavu. Hospitali ilikwisha kumwita apimwe, akasema yeye si shamba hata apelekwe sampuli kwenye kikopo. Furushi la uzi mweupe alilitazama kama mtu aliyewekewa majani ya ng'ombe mezani. "Mimi nina ugonjwa gani? Mwanaume mzima mimi, ninywe dawa ya uzazi? Watu wakisikia?" Akatoka kwenda zake. Hapo ndipo mama yake alipotoa hukumu ambayo mpaka leo nikiikumbuka natamani kutema mate. "Dawa imenunuliwa, haimwagwi. Mkamwana, kunywa na ya mwenzio. Mtu na mumewe si mwili mmoja? Ikiingia kwako imeingia na kwake." Nilikuwa nimeketi pale pale jikoni. Nikasema, "Mama, nakuheshimu, lakini hiyo ni dawa ya mwanao." Akanijibu bila kunitazama, "Mwalimu, wewe unao wako. Tuachie sisi tunaotafuta."

Basi mwenzangu akawa anakunywa dawa ya watu wawili. Asubuhi kikombe cha kwanza, na kabla uchungu haujaisha mdomoni, kikombe cha pili. Jioni vivyo hivyo, mkwe kaketi kwenye kigoda akihakikisha kikombe kimerudi kitupu. Harufu ya kile chungu ilishinda hata ya mapanki. Mume aliporudi alikuwa akiziba pua, anauliza ni nini kinachonuka, na wanaume wenzake wanacheka. Mkerewe akaanza kutoka jasho penye baridi, moyo unamwenda mbio, usingizi hapati. Tuliporudi kwa daktari akamweleza taabu hizo, na mzee akamuuliza anakunywaje. Hakuwa mwongo. Akasema ukweli. Mkalimani alipotafsiri, daktari aliweka kalamu chini, akasema maneno machache tu. "Anasema hatakuuzia tena mpaka aje na bwana," mama wa Kihaya alituambia, kisha kwa sauti ya chini akaongeza la kwake: "Na mimi nasema hivyo hivyo, mdogo wangu." Sijui kama dawa ile inafaa au haifai, mimi si daktari wa Kichina wala wa Kizungu. Ninachojua ni kwamba yule mgeni kutoka mbali, asiyejua hata kusema shikamoo, aliuliza swali ambalo ukoo mzima haukutaka kuliuliza: mume yuko wapi?

Ungefikiri mambo yaliishia hapo. Mahali penye ruksa hayaishi. Mganga mmoja akikataa kukuuzia, wako kumi wanaokufuata mpaka mlangoni. Wifi yake akaleta dawa za Kichina kutoka kwa mchuuzi wa sokoni, zimefungwa kwa karatasi yenye maandishi ya Kichina ambayo mimi niliitambua, ilikuwa imebanduliwa kwenye boksi la betri za tochi. Ndani mlikuwa na magome ya mti unaoota kwenye vilima vyetu hivi hivi. Nikawaonyesha. Wakasema mwalimu anajifanya anajua. Fedha ya mapanki, ya mwanamke aliyesimama kwenye moshi kutwa nzima, ikaenda kununua magome, na mwenye fedha ndiye aliyeyanywa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema waliotutangulia. Lakini wao angalau walikuwa wakikiri kwamba mwenzao amebeba. Sisi tulimwona, tukamwambia anyooshe mgongo.

Mwisho wakaoa mke wa pili, binti mdogo, mpole, wa huko huko kwao. Naye hakuchukua mimba. Msomaji mwenye akili zake hapo angejiuliza swali. Wakwe hawakujiuliza, walimkabidhi binti chungu, na kikombe, na dawa ya sokoni, vikombe viwili viwili kama mwenzake. Baada ya muda binti akawa mjamzito. Shangwe yake usiseme. Mkwe alipiga vigelegele mpaka akapotewa na sauti, mume akachinja mbuzi, na mchuuzi wa magome akapata wateja mtaa mzima kwa sababu dawa imejibu. Na Mkerewe je? Akaambiwa kumbe kosa lilikuwa lake, alikuwa anakunywa kwa moyo mzito. Nilimkuta nyuma ya nyumba akiosha karai lake la kukaangia. Nilitegemea kumwona analia. Alikuwa anacheka, kicheko cha kuzuia, mabega yanatikisika.

"Mwalimu," akaniambia, "unauona ule mpapai?"

Nikauona. Ulikuwa umenyauka upande mmoja.

"Yule binti hajanywa hata tone. Kila siku alikuwa anamwaga pale. Mimi ndiye niliyemwonyesha pa kumwaga. Nilimwambia, mdogo wangu, usiue mwili wako kwa ugonjwa wa mtu mwingine."

"Sasa hiyo mimba…"

"Mimba ni ya Mungu," akanikata. "Usiniulize zaidi, na mimi sijamuuliza."

Nikakasirika. Nikamwambia aende akaseme, leo hii, mbele ya mkwe na mume na mashemeji wote, ajitoe lawama. Alikuwa na nafasi ya kusafisha jina lake kwa sentensi moja. Akaacha kucheka. Akaniambia, "Nikisema, mimi nitapona. Binti atafukuzwa na mimba yake, na huyo mtoto atazaliwa wapi? Miaka yote hii wananiita tasa, nimeshazoea. Yeye hajazoea." Akachukua karai lake akaingia ndani. Sasa mmejua kwa nini sitaji jina.

Mtoto alizaliwa, msichana, na kwa kuwa mama yake alikuwa mdogo na mwoga, aliyemwogesha, aliyemkesha kwenye surua na kumpeleka kliniki ya watoto ni Mkerewe. Kuzaa si kazi, kazi kulea. Mtoto alijifunza kutembea akishikilia kigoda cha mapanki. Jumamosi, wakati shemeji mtu anatangaza kwamba tumbo lilikataa, huyo mtoto alikuwa amelala kifudifudi juu ya udongo wa kaburi, anamwita mama, na watu wanamvuta mkono wakimwambia mama yako ni yule pale.

Nilidhani kinyaa changu kimefika mwisho wake. Jana tukaanua tanga, ndugu wakagawana vitu vyake. Khanga zikaenda kwa wifi. Karai likaenda kwa wifi mwingine. Kikabaki kile chungu cha dawa, cheusi chini mpaka mdomoni. Mkwe, ambaye sasa anatembea kwa fimbo, akakinyanyua kwa mikono miwili, akamwita mke wa mwanawe wa mwisho, bibi harusi ambaye hina ya miguuni haijafutika. "Chukua, mwanangu. Hiki kimeshazoea dawa. Usichelewe kama mwenzio." Binti akapiga goti kukipokea. Mumewe alikuwa nyuma yake, amebana mikono kwapani, anatabasamu.

Nikamuuliza, "Na wewe, baba, kikombe chako kiko wapi?"

Wakacheka. Walicheka wote, na mume wa marehemu ndiye aliyecheka kwa nguvu, maana siku zote alikuwa mpenda vichekesho. Aliyeachwa nje ya kicheko ni mke mdogo, mama wa yule msichana. Alinyanyuka, akamtua bibi harusi chungu, akasema anakwenda kukiosha. Tukasikia kikipasuka kwenye mawe nyuma ya nyumba. Akarudi mikono mikavu, akasema, "Kimeniponyoka, mama." Mkwe akasonya. "Basi," akasema, "kesho nitatuma mtu akanunue kingine."

Na kitapatikana, msomaji wangu. Vyungu havijaadimika, wala magome, wala karatasi za maboksi ya betri za kuyafungia. Tangu milango ifunguliwe, sioni kitu ambacho soko letu limeshindwa kutuletea, ila mwanamume wa kunywa kikombe chake mwenyewe. Kwa hiyo nawaomba enyi vijana mnaooa mwaka huu: mtoto akichelewa, nendeni mkapimwe wawili, na dawa ikitolewa ya wawili, inyweni wawili. Na wewe shemeji msoma wasifu, irudie karatasi yako. Andika kwamba marehemu ameacha mtoto mmoja.